Programu Haifundishwi kwa Kipaza Sauti

Katika vyuo vyetu vingi somo la uandishi wa programu za kompyuta hufundishwa kwa namna ile ile linavyofundishwa somo la sheria au la historia ya uchumi. Mhadhiri husimama mbele ya wanafunzi mia mbili au mia tatu, kipaza sauti mkononi, maandishi ya programu yakimulikwa ukutani nyuma yake, naye huyaeleza mstari baada ya mstari. Mwishoni huuliza kama wameelewa. Safu za mbele huitikia kwamba wameelewa, safu za nyuma hukaa kimya, na kipindi huhesabiwa kuwa kimefundishwa. Nia ya makala haya ni kudai kwamba kipindi cha namna hiyo, hata kikiandaliwa kwa bidii ya namna gani, hakimfikishi mwanafunzi wa kawaida mahali pa kuweza kuandika programu au kutengeneza tovuti kwa mkono wake mwenyewe. Kwamba kazi hiyo hufanyika katika vikundi vya watu watano, sita au saba wakiwa na mtu wa kuwasahihisha. Na kwamba sehemu ya fedha tunazozitumia kununulia mashine ingezaa zaidi kama ingelipia saa za mtu huyo.

Sisemi hivi kwa kuudharau mhadhara. Historia ya kompyuta, mpangilio wa sehemu zake, sababu za lugha moja kupendelewa kuliko nyingine: mambo haya yaweza kuelezwa mbele ya umati, na msikilizaji makini akatoka na faida. Lakini kuandika programu ni kazi ya mikono inayoongozwa na akili, kama vile kusuka ukili. Hakuna aliyejifunza kusuka ukili kwa kusikiliza maelezo ya miyaa inavyopishana. Ni sharti asuke, akosee, mwenziwe amwoneshe pale alipopisha vibaya, afumue, arudie. Tofauti ni kwamba kosa la ukili huonekana kwa macho, ilhali kosa la mwanafunzi wa programu mara nyingi limo kichwani mwake, nalo halionekani kutoka jukwaani.

Kosa lililofichika

Tuchukue mfano mmoja mdogo. Katika lugha nyingi za kompyuta, mathalani JavaScript na Python, mtu huandika idadi = idadi + 1. Mwanafunzi aliyeshika hisabati yake ya sekondari huutazama mstari huo akauona kuwa ni upuuzi, kwa maana hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa moja. Ana haki ya kushangaa. Alama ile ile aliyoizoea kwa miaka kumi kuwa ni tangazo la usawa sasa imekuwa amri: chukua thamani iliyomo katika kibadilika hiki, ongeza moja, kisha irudishe humo humo. Mhadhiri huweza kulisema jambo hilo kwa sentensi moja na kuendelea. Lakini wapo wanafunzi ambao sentensi hiyo huwapita, nao huendelea kwa wiki nne au tano wakiuona mshale unaelekea upande usio wake. Wengine huamini kwamba wakishaandika kuwa bei = gharama + faida, basi bei itajibadilisha yenyewe kila faida inapobadilika baadaye, kama ilivyo katika jedwali la hesabu. Kosa hili halina kelele. Programu huendeshwa, majibu hutoka, na majibu si sahihi.

Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Roy Pea, alieleza kosa jingine ambalo kwa maoni yake ndilo mzazi wa makosa mengi ya wanaoanza. Alisema kwamba mwanafunzi huiendea kompyuta kana kwamba ndani yake kuna akili iliyojificha, yenye kufahamu nia ya mwandishi hata pale maneno yake yanapopungua. Ndivyo tunavyozungumza sisi kwa sisi. Ukimwambia mtoto aende dukani, humwambii kwanza afungue mlango. Basi mwanafunzi hukipa kibadilika jina la kubwa_zaidi, akangojea kuona namba kubwa kuliko zote ikiingia humo yenyewe, kwa sababu jina limekwisha kusema. Mwalimu aliyeketi kando yake hulitambua jambo hilo kwa swali moja tu: "Hebu nieleze, mashine inajuaje kwamba hii ndiyo kubwa?" Kutoka jukwaani swali hilo haliulizwi, kwa sababu haijulikani nani wa kuulizwa.

Matokeo ya kulifundisha somo hili kwa jumla yamekwisha kupimwa, tena katika nchi zenye kila aina ya vifaa. Mwaka 2001 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Michael McCracken kiliwapa wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne, katika nchi mbalimbali, kazi ya kuandika programu ndogo ya kukokotoa hesabu. Hao walikuwa wamekwisha kulisoma somo lenyewe. Wastani wa alama walizopata haukufika 23 kati ya 110. Mwaka 2007 Jens Bennedsen na Michael Caspersen wa Denmaki walikusanya taarifa za vyuo vya nchi mbalimbali na kukuta kwamba takriban mwanafunzi mmoja kati ya watatu hakufaulu somo la kwanza la programu. Walipolirudia zoezi hilo mwaka 2019 kiasi hicho kilikuwa kama asilimia 28. Kwa hiyo anayedhani kwamba vijana wetu wanashindwa kwa sababu ya umaskini wa maabara peke yake hana budi kueleza kwa nini wenye maabara nao wanashindwa.

Nini kinachojulikana kuhusu mafunzo ya karibu

Wanaotetea mafunzo ya mtu mmoja mmoja hupenda kumtaja Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1984 yeye alitangaza kwamba mwanafunzi wa kiwango cha kati aliyefundishwa na mkufunzi wake peke yake aliwapita asilimia 98 ya wanafunzi waliosoma katika darasa la kawaida la watu wapatao thelathini. Dai hilo limerudiwa mara nyingi hata likawa kama methali, na kwa sababu hiyo lapaswa kupokewa kwa hadhari. Lilitegemea hasa tasnifu za wanafunzi wake wawili, majaribio yalikuwa ya muda mfupi, na waliofundishwa peke yao walidaiwa pia kufikia alama ya juu zaidi kabla ya kuruhusiwa kuendelea na sehemu iliyofuata. Kurt VanLehn alipozipitia tafiti nyingi zaidi mwaka 2011 alipata faida isiyofika nusu ya ile aliyoitaja Bloom.

Hata hivyo faida hiyo iliyobaki si ndogo. Kwa kipimo cha VanLehn, mwanafunzi wa kati aliyepata mkufunzi alikaribia kuwapita wanne kati ya watano wa wale wasiokuwa naye. Sijui mashine, kitabu wala jengo ambalo limewahi kuleta matokeo ya namna hiyo.

Tena upo mfano wa karibuni unaohusu somo lenyewe. Mnamo mwaka 2020, wakati vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, Chuo Kikuu cha Stanford kilifundisha bure kwa njia ya intaneti sehemu ya somo lake la kwanza la programu. Wanafunzi walikuwa wapatao 10,000. Badala ya kuwaacha watazame picha za mihadhara peke yao, waandaaji walitafuta watu wapatao 900 wa kujitolea, kila mmoja akapewa kikundi cha watu kama kumi na kukutana nao kila wiki. Wengi wa waliojitolea hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa kawaida waliojua kuandika programu, wakapewa mafunzo mafupi ya kuongoza kikundi. Linganisha na kozi zile kubwa zisizo na vikundi: Justin Reich na José Ruipérez-Valiente waliandika mwaka 2019 kwamba katika kozi za intaneti za Harvard na MIT, ni kiasi cha watu watatu tu katika kila mia walioifikia tamati katika mwaka wa masomo 2017–18. Mihadhara ya kozi hizo ilikuwa mizuri kupita kiasi. Iliyokosekana ni sauti ya mtu anayeuliza, "Jumanne hukuja, kulikoni?"

Nguo hushonwa kutoka mwisho

Kuhusu utengenezaji wa tovuti, ningependa kuusema mpangilio wa mafunzo kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo tunapopoteza wanafunzi wengi bila ya sababu.

Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia. Aliona kwamba mwanagenzi hakuanza kwa kupima na kukata kitambaa, ingawa hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kazi yenyewe. Alianzia mwisho. Kwanza alitia vifungo na kukunja pindo za nguo iliyokwisha kushonwa na bwana wake; baadaye alijifunza kuunga vipande vilivyokwisha kukatwa; na mwisho kabisa ndipo alipokabidhiwa mkasi. Sababu yake ni ya akili sana. Anayetia vifungo ana nguo nzima mikononi mwake; anaona kila kipande kimekaa wapi na kwa nini. Na akikosea, hasara yake ni uzi tu, wala si kitambaa cha mteja.

Tovuti inamruhusu mwalimu kufanya vivyo hivyo, kuliko karibu kitu kingine chochote katika elimu ya kompyuta. Tim Berners-Lee alipotengeneza kurasa za kwanza huko CERN mwishoni mwa mwaka 1990, alizitengeneza kwa maandishi ya kawaida, yanayosomeka kwa jicho la binadamu. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa uvumbuzi huo kwa watu wote bila malipo. Hadi leo kivinjari cha kompyuta kinayo amri ya kuonesha maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa. Ni sawa na kuigeuza nguo ndani nje ukaziona pindo zake. Na wala huhitaji intaneti ili kuanza. Programu ya kuandikia maandishi matupu na kivinjari, vyote vikiwa katika kompyuta kuukuu, vinatosha kumfundishia mtu HTML na CSS kwa miezi miwili, bando likiwepo lisiwepo.

Basi katika kikundi cha watu sita, juma la kwanza mkufunzi atoe ukurasa uliokwisha kutengenezwa: tuseme tangazo la duka la dawa, lenye jina, bei na saa za kufunguliwa. Kila mmoja abadilishe jina, abadilishe rangi, aongeze bidhaa moja katika orodha. Vitu vitaharibika. Mmoja atasahau kufunga alama ya kichwa cha habari na ukurasa wote utavimba herufi kubwa. Wenzake watacheka, naye atakuwa amejifunza maana ya kufunga alama kwa namna ambayo haitamtoka. Juma la tatu au la nne wapewe vipande ambavyo havijaungwa. Karatasi tupu ije baadaye. Sisi aghalabu tunaanzia karatasi tupu, kisha tunashangaa kwamba wanafunzi wananakili kazi za wenzao.

Lipo zoezi jingine ambalo ningelipendekeza hasa kwa sehemu zenye tatizo la umeme. Mwaka 2006 Dale Parsons na Patricia Haden, walimu huko New Zealand, walieleza mazoezi ambayo mwanafunzi hupewa mistari ya programu sahihi iliyovurugwa, akatakiwa kuipanga. Wao walitumia kompyuta, lakini mistari hiyo yaweza kuandikwa kwenye vipande vya karatasi na kupangwa mezani. Watu watatu wakiinamia meza moja, wakibishana kama mstari huu uwe ndani ya mzunguko au nje yake, wanafikiri kuhusu programu zaidi ya watu mia tatu wanaoinakili kutoka ukutani.

Tusidhani pia kwamba jambo hili ni geni kwetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Hakuwa na chuo wala silabasi. Alikuwa na jamaa na marafiki wachache waliokaa naye wakichora, nao wakakaa na wengine. Nusu karne imepita na mtindo ule ungali unachorwa. Katika vyuo vya Qur'ani vya pwani, mwanafunzi humsomea mwalimu wake, naye mwalimu humsahihisha herufi kwa herufi kabla ya kumvusha. Mengi yaweza kusemwa juu ya vyuo hivyo, pamoja na kiboko. Lakini hakuna mwanafunzi aliyemaliza juzuu bila ya mwalimu kuisikia sauti yake.

Lugha ya kuulizia

Kikundi kidogo kina faida nyingine ambayo sijaiona ikitajwa katika maandishi ya wenzetu wa Ulaya na Marekani, kwa kuwa haiwahusu. Maneno ya lugha za kompyuta yana asili ya Kiingereza, na mihadhara yetu ni ya Kiingereza. Mwanafunzi ambaye hakuelewa anatakiwa afanye mambo mawili kwa mpigo mbele ya watu mia tatu: akiri kwamba hakuelewa, na akiri hivyo kwa Kiingereza fasaha. Wengi huona afadhali kunyamaza. Wanafunzi wa kike, ambao katika kumbi hizi mara nyingi ni wachache, hunyamaza zaidi. Mweke mtu huyo huyo mezani na wenzake watano, nao wakazungumza Kiswahili, utashangaa jinsi maswali yanavyokuwa mazuri. Kibadilika, mzunguko, sharti, kivinjari, tovuti: msamiati huo upo, nao unatosha. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikwisha kuthibitisha mwaka 2004, kwa kutoa programu kamili ya kazi za ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hii. Kama mwanafunzi atasema kompyuta na mwenziwe atasema tarakilishi, mimi sina ugomvi na yeyote kati yao.

Si twisheni

Hapa najua baadhi ya wasomaji watanitupia neno moja: twisheni. Watasema, je, hatukuona namna mafunzo ya jioni yalivyowagawa watoto wetu katika walionacho na wasionacho? Je, hatukusikia habari za mwalimu anayeficha nusu ya somo asubuhi ili aliuze saa kumi na moja? Kenya, katika Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ilikataza masomo ya ziada ya wakati wa likizo, na waliotunga sheria hiyo hawakuwa wakipigana na kivuli.

Hoja hiyo ni nzito, nami nakubali sehemu yake kubwa. Ila twisheni tunayoifahamu si darasa dogo. Mara nyingi ni darasa kubwa jingine, wanafunzi sitini chini ya bati moja, wakikaririshwa majibu ya mitihani iliyopita. Limechukua kutoka kwa mkufunzi jina lake na malipo yake, likaacha kazi yake. Isitoshe, ubaya wa twisheni umo katika kuuzwa kwake. Mafunzo ya vikundi yanapokuwa nje ya ratiba, yakilipiwa na mzazi, watakaoyapata ni watoto wa wenye uwezo, na pengo litapanuka. Yakiwa ndani ya ratiba, kwa kila mwanafunzi, yakilipiwa na chuo, anayefaidi zaidi ni yule ambaye nyumbani hakuna kompyuta wala kaka mhandisi wa kumuuliza. Ndiyo sababu siliachi jambo hili mikononi mwa vituo vya mitaani, ingawa baadhi ya vituo hivyo vinafundisha vizuri kuliko sisi.

Mashine inayojibu

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi wa Novemba 2022, mwanafunzi mwenye simu anaweza kuomba ukurasa mzima wa tovuti kwa sentensi moja akaupata. Kwa nini basi tuhangaike na wakufunzi? Wengine wanaenda mbali zaidi na kuuliza kwa nini tufundishe programu kabisa.

Majaribio yaliyofanywa katika shule ya sekondari moja nchini Uturuki, kwa wanafunzi wanaokaribia elfu moja wa hisabati, yanatoa jibu la kuanzia. Hamsa Bastani na wenzake, ambao matokeo yao yalichapishwa rasmi mwaka 2025, waligundua kwamba wanafunzi walioachiwa mashine ya kujibu maswali walifanya mazoezi yao vizuri zaidi kwa asilimia 48. Lakini mashine ilipoondolewa na mtihani ukaletwa, walipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuigusa. Kikundi cha tatu kilipewa mashine iliyotengenezwa ili itoe vidokezo na kuzuia majibu. Hao mazoezi yao yalikuwa bora zaidi kuliko ya wote, na madhara katika mtihani yakakaribia kutoweka.

Funzo ninalolichota humo halihusu mashine peke yake. Mkufunzi mbaya, yule anayenyakua kibodi na kumwandikia mwanafunzi, ana madhara yale yale, tena yeye hana wa kumtengeneza upya. Nilipokuwa masomoni ng'ambo tulikuwa na mkufunzi wa kikundi aliyekuwa na desturi ya kuikalia mikono yake, kwa maana halisi kabisa ya neno, kila alipokuja kutazama kazi ya mtu. Tulimwona kuwa ni kioja. Leo nikiwafunza wasaidizi wangu hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: mkono wa msaidizi usiguse kibodi cha mwanafunzi. Aulize. Amtake mwanafunzi aseme, kabla ya kuendesha programu, anatarajia kuona nini. Kisha waiendeshe, walinganishe. Ni kazi ya kuchosha, kwa kuwa jibu limo kinywani mwako na unalizuia. Mwanafunzi aliyepitia mafunzo hayo ataitumia mashine inayojibu kama chombo, kwa kuwa ataweza kuisoma kazi yake na kuiona inapodanganya. Asiyeyapitia atapokea ukurasa unaopendeza kwa macho, wenye tundu la kupitishia nywila za wateja wake wote, na hatajua.

Hesabu ya fedha

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Miongoni mwa yaliyotangulia uamuzi huo ni matatizo ya kuzitia hesabu za Serikali katika mashine ambazo watu wa kuzimudu walikuwa wachache mno. Marufuku hayo yaliondoka zamani, na mashine zimekuja kwa wingi. Lakini tabia ya kuhesabu maendeleo kwa idadi ya mashine tumeihifadhi. Kila mradi wa elimu ya kompyuta unapozinduliwa, linalotajwa kwanza ni kompyuta ngapi zimenunuliwa. Sijasikia ukizinduliwa mradi ambao mgeni rasmi alitaja saa ngapi za kusahihishwa kila mwanafunzi atapata.

Tuzihesabu basi. Wanafunzi 300 wakigawanywa sita sita ni vikundi 50. Wanafunzi 25 wa mwaka wa tatu, waliochaguliwa kwa uwezo na subira, kila mmoja akichukua vikundi viwili kwa saa moja na nusu kila kimoja, na saa moja zaidi ya kukutana na mhadhiri kupanga kazi ya juma, watahitaji saa nne kwa juma. Kwa majuma 15 ya muhula hizo ni saa 1,500. Tuseme chuo kinawalipa shilingi 5,000 kwa saa: jumla ni shilingi 7,500,000. Mwenye kuhusika na ununuzi katika chuo chochote atakuambia kwamba fedha hizo haziwezi kujaza kompyuta mpya katika chumba kimoja cha mafunzo. Na wasaidizi wenyewe wananufaika, kwa sababu hakuna anayeifahamu programu kama aliyelazimika kuieleza kwa mtu wa sita ambaye bado hajaelewa. Mhadhiri naye hapumziki. Huacha mhadhara mmoja katika miwili ya juma na kuutumia muda huo kuzunguka vikundini.

Sitaki nipewe haki kwa maneno tu. Vyuo viwili au vitatu na vikubali kulijaribu jambo hili katika muhula mmoja wa mwaka ujao wa masomo, nusu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiingizwa vikundini kwa kura na nusu nyingine wakifundishwa kama kawaida; muhula unaofuata wabadilishane, ili asidhulumiwe mtu. Mtihani uwe wa kukaa mbele ya kompyuta isiyo na intaneti na kuandika programu inayofanya kazi, wala usiwe wa kuchagua herufi kati ya nne. Usahihishwe na watu ambao hawakufundisha upande wowote. Baraza la sayansi lingeweza kugharimia usahihishaji huo na uchapishaji wa matokeo, yawe yanaiunga mkono rai hii au yanaipinga.